Mzizi wa Dawa na Haki ya Anayeuchimba

Sisi wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam hatujaachana na dawa za miti. Huku Mbagala muarobaini umesimama katika nyua nyingi, mchaichai na mrehani hupandwa kwenye makopo ya rangi mlangoni, na sokoni wauza dawa hupanga magome, mizizi na unga wa kila namna juu ya turubai. Tunanunua kwa kuamini. Twauliza dawa inatibu nini, twauliza bei, twauliza inywewe vipi. Ni nadra kumsikia mnunuzi akiuliza mti huo umetoka wapi, na je, umebaki? Swali hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya.

Tunaposema "sisi" tunakusudia watu wa nyumba moja: dada watatu, mama yetu mzazi ambaye ni mzaliwa wa Mafia, na wifi yetu aliyeolewa na kaka yetu kutoka Makete, mkoani Njombe. Masika yaliyopita mama alishikwa na kikohozi kikavu. Jamaa aliyerudi kutoka Umra akamletea pakiti ya sahlab, akamweleza kuwa Waarabu huipika kwa maziwa na mdalasini, wakainywa moto wakati wa baridi, na kwamba hulainisha koo na kutuliza tumbo.

Maelezo yake hayakuwa ya uongo. Sahlab, ambayo Waturuki huiita salep, ni unga wa viazi vidogo vilivyokaushwa vya maua ya jamii ya okidi. Tangu enzi za dola ya Uthmaniya umetumika Istanbul, Sham na Misri kuwa kinywaji na kuwa dawa ya wenye kifua, wenye kuhara na wanaoinuka kutoka maradhini. Siri yake ni utelezi. Unga ukichemshwa huwa mzito na laini kama bamia, ukapita kooni na tumboni ukipaka mahali palipochubuka. Ni dawa ya kutuliza tu, wala haiui ugonjwa. Ndiyo maana, kikohozi cha mama kilipofikisha wiki mbili, tulimpeleka zahanati akapimwa makohozi kwanza. Alhamdulillahi, hakikuwa kifua kikuu.

Juu ya pakiti ile palichorwa ua la zambarau. Wifi yetu aliposhika pakiti alilitazama ua kwa muda, kisha akasema, "Mama, hili ni ndugu wa maua ya kwetu. Viazi vyake ndivyo vilivyonisomesha."

Sisi tuliokulia pwani hatukujua habari hiyo, na pengine wasomaji wengi wa mjini hawaijui. Makete iko katika Nyanda za Juu Kusini, na jirani yake ni uwanda wa Kitulo, wenye mwinuko wa takriban mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Wenyeji wameuita Bustani ya Mungu, kwa kuwa mvua zinapoanza, tangu Novemba hadi Aprili, majani yote hugeuka kuwa maua. Humo zimehesabiwa aina 45 za okidi. Mwaka 2005 serikali iliutangaza uwanda huo kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, nao ukawa hifadhi ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Hifadhi zetu nyingine twazijua kwa simba na tembo. Hii twaijua kwa maua.

Okidi hizo za milimani hubeba viazi ardhini kama zile za Sham. Watu wa kusini magharibi mwa nchi yetu na majirani zetu wa Zambia huvila tangu zamani. Viazi hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na karanga zilizosagwa, pilipili na magadi, kisha hupikwa mpaka vikashikana na kukatika vipande kama soseji isiyo na nyama. Chakula hicho huitwa chikanda. Kilipopendwa katika miji ya Zambia, mabonde ya huko yakaanza kuishiwa, na wafanyabiashara wakavuka mpaka wa Tunduma kuja kwetu. Watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walioandika juu ya biashara hiyo mwaka 2003 walikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2 na milioni 4 vilikuwa vikitoka Tanzania kwenda Zambia kila mwaka. Kila kiazi kwenye hesabu hiyo ni mche uliong'olewa.

Mmoja wetu aliposikia hayo alisema kwamba wachimbaji hao wanaiharibu neema ya Mwenyezi Mungu. Wifi hakukasirika. Alijibu kwa upole, "Wifi, njaa haisubiri mbegu ipukutike."

Kisha akatusimulia. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu. Miaka ile Njombe ilikuwa imejeruhiwa na UKIMWI, na hata baadaye tafiti za taifa ziliendelea kuutaja mkoa huo miongoni mwa yenye maambukizi mengi zaidi nchini. Mjane aliyebaki na watoto watano na shamba dogo la viazi mviringo hakuwa na cha kuuza. Mnunuzi alikuja kijijini na debe. Ukilijaza, unapata fedha siku ile ile. Mama yake alipanda mlimani na jembe dogo, watoto wakamfuata na vikapu. Sare ya shule, madaftari na chumvi ya nyumbani vilitoka kwenye debe lile. Haikuwa nyumba yao pekee: watafiti waliofanya kazi Makete nao wameandika kwamba miongoni mwa wachimbaji walikuwamo yatima na watu wa nyumba zilizofiwa au kuuguliwa.

Lakini bibi yake wifi hakuchimba hivyo. Mzee yule alisubiri ua linyauke, kitumba kipasuke na mbegu zichukuliwe na upepo. Alichimba kwa kijiti badala ya jembe, akaruka miche michanga, akafukia kila shimo kwa udongo ule ule. Alichukua cha kutosha mlo wa nyumbani na dawa ya tumbo la mtoto, akaondoka. Hakujua jina la kitaalamu la mmea, lakini alijua kwamba mwaka ujao atarudi pale pale. Debe la mnunuzi ndilo lililoivunja desturi hiyo, kwa sababu debe halina kiasi na halijui msimu. Nyumba ishirini zikishindania mlima mmoja, anayesubiri mbegu ipukutike atakuta mwenzake amekwisha kupita.

Elimu ya mimea inathibitisha busara ya bibi huyo. Okidi ya namna hii huwa na viazi viwili. Kimoja ni kizee kilichonywea, ambacho kimelilisha shina la mwaka huu. Cha pili ni kichanga kilichojaa, akiba ya shina la mwakani. Wanunuzi hupenda hicho kilichojaa. Anayekichukua, basi, amechukua mche wa mwakani pamoja na wa leo. Wala mbegu si mbadala wa haraka. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina chakula ndani yake, na haiwezi kuchipua porini mpaka ikutane na kuvu fulani udongoni watakaoilisha. Baada ya hapo miaka hupita kabla ya ua la kwanza. Ndiyo maana si rahisi kumwambia mjane wa Makete, "Panda badala ya kuchimba." Angalipanda nini, na watoto wangalikula nini akisubiri?

Hata hivyo, historia inatuonyesha kuwa okidi inaweza kulimwa, subira na elimu zikikutana. Vanila inayolimwa Kagera ni okidi. Asili yake ni Mexico, na ilipopelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi ilichanua bila kuzaa, kwa kuwa wadudu wa kuichavusha hawakuwako. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, aligundua namna nyepesi ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Wakulima wa vanila wanaifuata njia yake hadi leo. Tofauti ni kwamba vanila huvunwa tunda, na mama hubaki hai. Okidi ya Makete huvunwa kiazi chenyewe. Kuilima kunahitaji maabara za kuotesha mbegu pamoja na kuvu wake, na wakulima watakaolipwa wakati wa kungoja. Kazi hiyo haimwezi mjane mmoja. Ni ya vyuo, halmashauri na wenye fedha.

Sheria nayo ipo. Ndani ya hifadhi kuchimba ni marufuku, na jamii nzima ya okidi imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Tanzania ni mwanachama, kwa hiyo kuzivusha mpaka kunahitaji kibali. Uturuki nayo imezuia kusafirisha nje viazi vya salep, baada ya kuona mabonde yake yakikauka. Inakisiwa kwamba kilo moja ya unga halisi huhitaji viazi 1,000 hadi 4,000. Lakini sheria humkamata mwenye kikapu mlimani kabla ya kumfikia mwenye lori na mwenye duka, na huwafikia kwa nadra zaidi sisi wenye mkoba wa kununulia.

Tuirudie pakiti ya mama. Binti yetu wa sekondari alisoma maandishi madogo yaliyo nyuma yake: wanga wa mahindi, sukari, vanila ya kutengenezwa. Okidi haikuwamo hata chembe. Pakiti nyingi za bei nafuu ndivyo zilivyo. Mama alicheka mpaka kikohozi kikamrudia, kisha akasema, "Kama ni wanga, uwanga wetu umekosa nini?"

Wasomaji wa visiwani na mwambao wanaujua uwanga. Ni unga mweupe wa kiazi kinachoota kwenye mchanga wa pwani. Kiazi ni kichungu. Hukunwa, huoshwa kwa maji mengi mara nyingi, huachwa kituame, kisha huanikwa. Uji wake wa maziwa hupewa wagonjwa na wazazi waliojifungua, nao ni laini kooni. Mvunaji huchukua viazi vikubwa na kuvirudisha vidogo ardhini, navyo huota tena mvua zinaponyesha. Kile bibi wa Makete alichokifanya kwa kijiti, bibi zetu wa Mafia wamekifanya mchangani. Mwaka huu tumepanda vitano nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mnazi. Tunafundishwa kuwa anayepanda, kisha akala humo mtu au ndege, huandikiwa sadaka; na kupanda mmea wa dawa hakuhitaji ekari.

Kwa mizizi tusiyoweza kuipanda, tumekubaliana nyumbani kuuliza kabla ya kulipa. Muuza dawa tunamwuliza: hili ni jani, gome au mzizi? Limetoka wapi? Kuna anayelilima? Jani likichumwa kwa kiasi, mti hubaki. Gome likibanduliwa kuuzunguka mti, mti hufa. Mzizi uking'olewa wote, hakuna tena cha kuuliza. Muuzaji mwaminifu hujibu bila kuudhika, na wengi wao wanajua kuliko tunavyodhani.

Wifi ametuomba tuandike jambo moja zaidi, nasi tunaliandika kama alivyolisema. Mama yake aliacha kuchimba siku mtoto wake mkubwa alipopata kazi na kuanza kumtumia fedha kila mwezi. Hakuna askari aliyemkataza, wala hakuna semina aliyohudhuria. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tunapohesabu zaka na sadaka zetu, tuwakumbuke wajane na yatima wa mbali kama tunavyowakumbuka wa mtaani. Anayemlipia ada mtoto wa mchimbaji huenda ameacha mlimani maua mengi kuliko atakayoyaona maishani mwake.