Santuri za Mzee wa Ghorofa ya Juu

Kwetu neno "jazi" lina maana yake. Ukitaja Morogoro Jazz, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz au Tabora Jazz, mtu wa rika la baba yangu anasikia magitaa yanayopokezana, saksafoni kwa mbele na ukumbi uliojaa watu wanaocheza. Hakuna anayeuliza kama hiyo ni jazi ya Marekani au siyo. Ni dansi, basi. Kwa hiyo nilipohamia Southampton, kusini mwa Uingereza, na jirani wa ghorofa ya juu akaniambia kwamba anapenda jazi, nilimjibu hata mimi naipenda. Kila mmoja wetu alikuwa na jazi yake kichwani, lakini urafiki ukaanzia hapohapo.

Jirani mwenyewe alizaliwa Jamaika, akaja Uingereza miaka ya 1950 akiwa kijana, akafanya kazi bandarini mpaka akastaafu. Nilimwita Mzee, naye akaniita mwanangu. Jumapili alasiri nilipanda kwake na chapati zangu, yeye akatoa chai na santuri. Zilikuwa kama sabini hivi, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, zimesimama wima kama vitabu. Sindano haikuwekwa mpaka chai imiminwe, na ikishawekwa hakuna kuongea. Upande ukiisha, hapo ndipo unaruhusiwa kuuliza.

Ya kwanza aliyonipigia ilikuwa *Abstract* ya Joe Harriott, ile ya Columbia ya mwaka 1963. Saksafoni ilianza, tarumbeta likaingia kati, ngoma zikanyamaza ghafla, besi ikabaki peke yake inatafuta njia, halafu wote wakarudi kana kwamba kuna mtu aliyewakonyeza. Nilisubiri wimbo uanze. Kumbe ndio ulikuwa unaendelea. Upande ulipoisha Mzee akauliza, "Umewasikia wanavyosikilizana?" Hakuniuliza kama nimeupenda.

Harriott alizaliwa Kingston mwaka 1928, akalelewa katika shule ya Alpha, ile ya watawa wa Kikatoliki iliyowatoa wapigaji wengi wa Jamaika. Alifika Uingereza mwaka 1951. Aliweza kuipiga bibop kama Charlie Parker, na watu wakamsifu kwa hilo, lakini yeye alitaka kitu kingine. Alipougua na kulazwa kwa muda mrefu, akiwa kitandani aliwaza muziki usiofungwa na mwendo mmoja wala mpangilio wa kodi uliokubaliwa tangu mwanzo. Mwaka 1960 akaingia studio na kurekodi *Free Form*. Mwaka huohuo, kule New York, Ornette Coleman alirekodi *Free Jazz*. Coleman yumo katika kila kitabu cha historia. Harriott mpaka leo ni lazima umweleze kwanza yeye ni nani ndipo mazungumzo yaendelee.

Lakini mimi ni mtu wa vitabu, na aliyenikamata zaidi katika bendi ile ni mpiga tarumbeta. Alizaliwa St Vincent mwaka 1927, Ellsworth McGranahan Keane. Wenzake walimwita Shake. Niliwaza labda ni kwa sababu ya kucheza au kutetemesha noti. Wapi! Ni kifupi cha Shakespeare, kwa jinsi alivyopenda fasihi. Sisi ambao Mwalimu alitutafsiria *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi* hatuwezi kulicheka jina kama hilo.

Keane alikuwa mshairi kabla hajawa mwanajazi wa London. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka mwaka 1950, na kiliitwa *L'Oubli*, neno la Kifaransa lenye maana ya usahaulifu. Alipofika Uingereza mwaka 1952 alisoma fasihi, akasoma mashairi redioni BBC katika kipindi cha waandishi wa Karibea, na usiku akapiga tarumbeta. Mwaka 1965 akaondoka kwenda Ujerumani kupiga katika okestra ya Kurt Edelhagen. Baadaye alirudi kwao St Vincent, akashughulikia utamaduni serikalini, akafundisha. Mwaka 1979 mashairi yake yakashinda tuzo ya Casa de las Américas ya Kuba. Alifariki Norway mwaka 1997. Ukiipiga *Abstract* ukijua hayo, unamsikia mtu anayejua pa kuweka kituo. Anaipiga sentensi fupi, anaacha nafasi, anaongeza neno moja tu. Mshairi huyo!

Kumbe hakuwa peke yake. Uingereza ya miaka hiyo ushairi na jazi vilikuwa vinakaa nyumba moja. Mpiga piano Michael Garrick aliongoza muziki katika maonyesho ambamo washairi kama Dannie Abse, Laurie Lee na Adrian Mitchell walisoma mashairi yao na bendi ikawajibu. Katika santuri za *Poetry and Jazz in Concert* zilizotolewa na kampuni ya Argo mwaka 1964, wapigaji ni pamoja na Harriott na Keane. Mwaka uliofuata Stan Tracey akatoa santuri nzima iliyotokana na *Under Milk Wood*, mchezo wa redio wa Dylan Thomas. Humo kuna kipande kiitwacho "Starless and Bible Black", ambamo saksafoni ya Bobby Wellins inaingia polepole kama mtu anayetembea pekupeku ndani ya nyumba ya watu waliolala. Sisi tuliozoea kwamba utenzi una mahadhi yake na kwamba mwimbaji wa taarabu ni mshairi hatushangai. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna jamaa yangu yeyote wa Kiingereza, na kati yao wamo walimu wa fasihi, aliyekuwa amewahi kuisikia.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Sababu ya kwanza ni hesabu tu. Santuri moja kubwa katikati ya miaka ya 1960 iliuzwa zaidi ya shilingi 30 za Kiingereza, fedha nyingi kwa kibarua, na wapenzi wa jazi walipendelea kuzitumia kwa Miles Davis au Coltrane. Kampuni zilichapa nakala chache. Halafu wakaja Beatles, na kampuni zikageukia zaidi muziki wa vijana. Santuri ikiisha dukani haikuchapwa tena. Stan Tracey mwenyewe, baada ya miaka kadhaa ya kuwa mpiga piano wa klabu ya Ronnie Scott, alifikia kufikiria kazi ya kusambaza barua.

Sababu ya pili ni ngumu zaidi kuisema. Uingereza ilizoea kuamini kwamba jazi ya kweli inatoka Marekani, na hapohapo haikuwahesabu waliotoka makoloni kama wenyeji. Sasa Mjamaika anayepiga jazi mpya London umweke wapi? Siyo Mmarekani, na kwao hakuwa Mwingereza. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Blue Notes, akina Chris McGregor, Dudu Pukwana na Mongezi Feza, waliotoka Afrika Kusini mwaka 1964 wakaukimbia ubaguzi na kufika London mwaka 1965. Waliubadilisha muziki wa mji ule, wengi wao wakafia ughaibuni. Feza alikuwa na miaka 30 tu.

Harriott alifariki hapahapa Southampton, tarehe 2 Januari 1973, kwa saratani. Alikuwa na miaka 44. Miaka yake ya mwisho hakuwa na bendi ya kudumu, alizunguka mji kwa mji akipiga na yeyote atakayemkuta. Kaburi lake liko Bitterne, safari fupi ya basi kutoka kwetu. Nilikwenda na Mzee siku ya baridi kali. Kwenye jiwe wamechonga maneno yake mwenyewe kuhusu Parker, kwamba hata huku wapo wenye turufu mkononi. Mzee alivua kofia. "Alipiga katika baa ya mtaani," akasema, "na watu waliendelea kula."

Mwaka jana Mzee alihamia kwa binti yake, mji mwingine, chumba kimoja. Akanipa santuri kumi na mbili. Binti yake alichukua zilizobaki, ni sawa kabisa.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito. Kati ya zile kumi na mbili ilikuwemo *Dusk Fire* ya Don Rendell na Ian Carr, ya mwaka 1966, toleo la kwanza, haina mkwaruzo. Wanaofuatilia minada mtandaoni wanajua maana yake. Ni mamia ya pauni, na siyo mamia mawili. Wakati huohuo mpwa wangu Tanga alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni na ada haijulikani itatoka wapi. Dada hakuniomba. Alinieleza tu hali, na ukiwa ughaibuni unajua kuelezwa hali kuna maana gani.

Nilimpigia Mzee. Zawadi ya mtu huuzi kimyakimya.

Akacheka. "Nilikupa uzisikilize, sikukuajiri ulinzi." Halafu akanyamaza kidogo. "Lakini Joe, mwanangu, Joe usimuuze."

Joe wa Mzee, kibiashara, si kitu. Jalada limeraruka, upande wa pili una mkwaruzo unaotoa sauti ya mahindi kwenye kikaango. Kwa hiyo nikaiuza *Dusk Fire*, na ada ikalipwa. Mnunuzi aliandika kwamba atakuwa anaitunza ndani ya kabati lisilopenya mwanga. Sijui kama ataipiga.

Nimewahi kulaumiwa na rafiki mmoja kwamba nimeuza urithi. Sikubali. Mwaka 2018 kampuni ya Jazzman ilizitoa upya santuri zote tano za Rendell na Carr. Mwaka 2019 zikatoka rekodi za Tubby Hayes za mwaka 1969 zilizokuwa zimekaa ghalani miaka 50. Mwaka 2021 Decca wakatoa mkusanyiko uitwao *Journeys in Modern Jazz: Britain*. Muziki wa *Dusk Fire* ninao, katika toleo jipya, na sauti ni safi. Kilichoondoka kwangu ni karatasi na plastiki ya mwaka 1966. Bei ya kutisha ya nakala ya kwanza haimlipi mpigaji hata senti. Inampa heshima aliyeificha vizuri. Uhaba ni jina tu la watu wachache kusikiliza wakati ule, na sioni kwa nini tuutukuze.

*Abstract* yenye mkwaruzo nayo nimebaki nayo kwa sababu nyingine. Katika jalada lake, nyuma, Mzee aliandika kwa penseli tarehe aliyoinunua na kiasi alicholipa. Kibarua wa bandarini, mgeni, alitoa sehemu kubwa ya mshahara wake wa wiki kununua muziki ambao wahakiki wengi hawakujua waufanye nini. Alikuwa mmoja wa wale wachache. Hakuna kampuni inayoweza kuichapa upya penseli ile.

Kama unataka kuanza, anza na "Starless and Bible Black", usiku, taa zimezimwa. Halafu tafuta "Calypso Sketches" katika *Free Form*, umsikie Harriott akiikumbuka Karibea bila kuililia. Mwisho tafuta mashairi ya Keane, maana tarumbeta lake linaeleweka zaidi ukiyasoma. Na kama kwenu kuna mzee mwenye santuri zilizosimama kabatini, za Western Jazz au za nani sijui, mwombe akupigie moja leo. Peleka chapati.