Gari Lililobadilishwa Injini: Kila Kipuri Kiulizwe Kwao

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Gari nalo ni hivyo hivyo. Kibati kilichopigiliwa kiwandani hueleza jinsi gari lilivyozaliwa, lakini hakielezi yaliyolipata baadaye. Nchini Uganda, kama katika nchi jirani, magari mengi yaliyokwisha kufanya kazi Japani huendelea kutumika miaka mingi baada ya injini zake za kwanza kuchoka. Mwenyewe hununua injini nyingine iliyotumika, fundi huipandisha, na safari ikaendelea. Tendo hilo si baya. Matata huanza siku ya kununua kipuri, pale mnunuzi anapomtajia muuzaji jina la gari na mwaka wake, akasahau kwamba chini ya kiti mna injini isiyohusiana na jina hilo wala mwaka huo.

Mfano mzuri ni Toyota Hiace ya umbo lile lililoanza kutengenezwa mwaka 1989, ambalo abiria wengi wamelipanda. Kibati chake hutaja aina ya gari kwa herufi na tarakimu. Lililotoka kiwandani na injini ya petroli ya jamii ya RZ huandikwa RZH; lililotoka na dizeli ya jamii ya L huandikwa LH; na lile la dizeli ya KZ huandikwa KZH. Herufi H ya mwisho ni ya Hiace yenyewe. Zinazoitangulia ni za injini. Basi gari lenye kibati cha RZH, likatolewa injini ya petroli na kutiwa dizeli ya 3L, limekwisha kuwa gari la koo mbili. Asiyelijua hilo atanunua vipuri vya injini iliyokwisha kuondoka.

Hata ndani ya ukoo mmoja kuna kupotea. Injini za 2L, 3L na 5L hufanana kwa nje kama ndugu wa tumbo moja, lakini vipimo vyake ni mbalimbali. Tundu la silinda ya 2L lina upana wa milimita 92, la 3L milimita 96, na la 5L milimita 99.5. Gaskiti ya silinda hedi iliyokatwa kwa ajili ya 3L ikilazwa juu ya 5L, ukingo wake waweza kuchungulia ndani ya silinda, uungue, na fedha ya mwenye gari iungue pamoja nao. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusafisha bloku kwa brashi na mafuta, kuisoma nambari iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, na kuiandika kama ilivyo. Herufi na tarakimu za mwanzo ndizo jina la injini. Zinazofuata ni nambari yake binafsi.

Hata hivyo, nambari ya bloku huisemea bloku tu. Huenda fundi aliyetangulia alipachika silinda hedi ya injini nyingine, au pampu ya dizeli ya injini ya tatu. Pampu ina kibati chake, nacho kisomwe. Mkanda wa taimingi uhesabiwe meno na kupimwa upana. Beringi kuukuu zigeuzwe na kutazamwa mgongoni, maana shafti ikiwa imekwisha kuchongwa, beringi zake huwa zimeandikwa kipimo kama 0.25 au 0.50, na beringi za kipimo cha kawaida hazitaifaa tena. Kipuri cha zamani kisitupwe kabla kipya hakijafungwa na kufanya kazi. Hicho ndicho shahidi wa kwenda naye dukani.

Ili kuepuka mkanganyo, vipuri vyote na vigawanywe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la injini: pistoni, ringi, gaskiti, nozeli, pampu ya maji, mikanda na chujio la oili. Hivi hununuliwa kwa nambari ya injini. Fungu la pili ni la gari: vitambaa vya breki, springi, shokamzoba, beringi za magurudumu, usukani na vioo. Hivi hununuliwa kwa kibati cha gari. Fungu la tatu ni la vile vilivyo mpakani, mahali injini ngeni inaposhikana na gari la zamani: klachi, raba za kushikilia injini, mipira ya rejeta, stata, waya na bomba la moshi. Hapa ndipo penye utajiri wa makosa.

Itazamwe klachi. Sahani yake hupita juu ya meno ya shafti ya giaboksi, kwa hiyo yapasa iafikiane na giaboksi. Lakini kifuniko chake hufungwa kwenye gurudumu zito la injini, kwa hiyo chapasa kiafikiane na injini. Ikiwa giaboksi haikuletwa pamoja na injini, huenda klachi moja ikahitaji kununuliwa kwa majina mawili. Vivyo hivyo, kile kifaa kidogo cha kupima joto kimefungwa kwenye injini, lakini mshale anaoutazama dereva ni wa gari. Visipopatana, mshale utasema injini ni baridi na huku maji yanachemka.

Lakini mahali pa kutia hofu zaidi ni breki. Injini ya petroli huvuta hewa kwa nguvu kupitia njia yake ya kuingizia, na mvuto huo ndio humsaidia dereva kukanyaga breki. Dizeli haina mvuto wa namna hiyo, hivyo huhitaji pampu maalumu ya kunyonya hewa. Katika injini za ukoo wa L, pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa altaneta.

Mke wa sajini mmoja, ambaye mumewe alikuwa katika ulinzi wa amani Somalia, aliachiwa Hiace iliyokuwa ikipakia abiria kati ya Mbarara na Kabale. Karo ya watoto ilitoka humo. Kibati kilisema RZH, lakini injini ilikuwa 3L. Altaneta ilipoungua, dereva alipelekwa dukani, akasoma kibati, akauziwa ya injini ya petroli. Fundi akachonga kikamatio kipya, akaziba kwa boliti mpira wa hewa uliobaki, taa ya chaji ikazimika, na kila mtu akaridhika. Kwenye mteremko wa kwanza karibu na Kabale pedali ikawa ngumu kama jiwe. Dereva alirudisha gia ndogo, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo. Abiria walishuka wakitetemeka, wote wazima.

Mama huyo hakugomba. Alimwita fundi mwingine, akamwuliza, “Fundi, kwa nini altaneta mpya iue breki?” Akajibiwa, “Mama, hii haina pampu mgongoni. Ni ya gari lako, lakini si ya injini yako.” Tangu siku hiyo hakuna kipuri kilichonunuliwa kwa gari lile bila swali moja kuulizwa: cha gari au cha injini?

Kuijaribu breki hakugharimu kitu. Injini ikiwa imezimwa, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu, kisha ishikiliwe chini na injini iwashwe. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, msaada upo. Isiposhuka, gari lisitoke.

Iko na hila nyingine iliyofichika. Kipimo cha kilomita huhesabu safari za gari, nacho hakijui injini iliyotiwa ilitembea kiasi gani ilikotoka. Kwa sababu hiyo mkanda wa taimingi na ubadilishwe siku injini inapofungwa, bila kubahatisha. Ukikatika njiani, valvu hugongana na pistoni, na injini nzima huharibika.

Mali bila daftari huisha bila habari. Katika familia za askari na polisi, ambamo mwenye gari aweza kupata uhamisho kesho, ujuzi wote usikae kichwani mwake peke yake. Daftari dogo liwekwe nyumbani, limeandikwa aina ya gari na nambari ya chesisi kutoka kwenye kibati, nambari ya injini kutoka kwenye bloku, asili ya giaboksi, na nambari ya kila kipuri kilichofaa. Nambari mpya ya injini ipelekwe pia kwa mamlaka ya usajili, ili kadi isije ikasema hivi na chuma kikasema vile mbele ya askari wa barabarani. Aendaye Kisekka, Kampala, akiwa na daftari hilo mkononi na kipuri cha zamani mfukoni, hata kama hajapata kushika spana maishani mwake, si rahisi kuuziwa kisichomfaa.