Majina Yaliyobaki Ukutani Kisutu

Apitaye Mtaa wa Jamhuri, jijini Dar es Salaam, aghalabu hutazama chini: mashimo, bodaboda, meza za wauza saa. Akiinua macho juu ya vibao vya maduka ataona mwaka ulioandikwa kwa saruji, 1938 au 1956, na pengine jina la ukoo wa Kihindi lililopakwa rangi mara nyingi hata herufi zake zimevimba. Aishiye ndani hana nasaba na jina hilo.

Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi za watu: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini katikati, na Waafrika ng'ambo ya Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi kwa makusudi ili kuitenga Kariakoo. Huko Uhindini duka lilikuwa chini na familia juu. Baada ya Vita Kuu ya Pili yakaja maghorofa ya saruji, yenye roshani ndefu na kuta za matofali ya matundu, yaliyojengwa na watu walioelewa jua letu na upepo wetu kuliko wajenzi wa minara ya vioo ya leo.

Kisha ikaja Aprili 1971. Sheria ya kutwaa majengo ililenga nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Jengo lililopita umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Nyumba zikawa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilihamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Familia nyingi za Kiasia zikaondoka kwenda Uingereza na Kanada. Nyingine zikabaki, zikimlipa Msajili kodi ya vyumba walivyojenga babu zao.

Katika ghorofa moja nilipokewa na mtumishi mstaafu wa serikali. Nilipomwamkia, alinionyesha fremu ya mlango wa jikoni kabla hata sijaketi. Upande wa kushoto ipo mistari ya kalamu, vimo vya watoto, na tarakimu za Kigujarati. Upande wa kulia vimo vya wanawe mwenyewe, kuanzia 1974. Kila mpaka rangi aliyeitwa humo aliagizwa aiache fremu hiyo.

"Sikumfukuza mtu, mwanangu," aliniambia. "Nilipewa ufunguo na barua. Lakini wale watoto nawajua kwa urefu."

Siungani na wanaoiita sheria ile wizi mtupu, wala na wanaoisifu bila kumeza mate. Iliwapandisha makarani na wauguzi ngazi ambazo awali walizipanda kama watumishi wa ndani tu. Pia iliwaangukia watu ambao akiba yao ya maisha ilikuwa jengo moja. Na usawa wenyewe haukudumu: baadaye vyumba vikahama mikono kwa kilemba, na anayefaidi leo si lazima awe yule aliyekusudiwa.

Sasa majengo hayo yanabomolewa, mengine kwa miradi ya ubia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Sultani Majid alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, kwa hiyo karibu Dar es Salaam yote imezaliwa upande usiolindwa, mpaka Waziri atangaze vinginevyo. Nikiyasema haya huambiwa kwamba majengo ya zamani ni hatari. Mengine ni hatari kweli. Lakini ghorofa lililoporomoka Machi 2013 katika Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu zaidi ya 30 halikuwa la zamani. Lilikuwa bado linajengwa.

Siombi kila ukuta uhifadhiwe. Naomba kibali cha kubomoa kisitolewe kabla jengo halijapimwa, halijapigwa picha, na wapangaji wake hawajahojiwa na kuandikwa: aliingia nani, mwaka gani, kwa barua ya nani. Ni kazi ya wiki chache kwa wanafunzi watatu wa usanifu majengo na mmoja wa historia, na Chuo Kikuu Ardhi hakiko mbali na Kisutu.