Nyumba Zilizofutwa Kibamba

Mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Chuo Kikuu Ardhi walianza kuchora kata zinazofurika maji, katika mradi wa Ramani Huria. Kibamba yetu, enzi hizo bado tuko Manispaa ya Kinondoni, haikuwamo. Msimbazi ukifurika kule Jangwani, sisi tunasikia redioni.

Nikajisajili mwenyewe OpenStreetMap, ramani aliyoianzisha Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaruhusiwa kuihariri. Mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Mimi nilipewa siku ya kwanza, nikapokonywa jioni. Kituo nilichokiandika "Kibamba CCM" kilifutwa na mzoefu mmoja aliyeona kwamba jina la chama haliwezi kuwa jina la mahali. Hakuniuliza. Konda yeyote wa Barabara ya Morogoro angemjibu.

Nilisusa miezi miwili. Nikarudi kwa ukaidi tu, nikajifunza programu ya JOSM, nikachora mapaa ya mabati mpaka macho yakaniuma, na taratibu nami nikawa mzoefu. Yaani nikawa mtu wa kufuta.

Mwishoni mwa 2017 nilikuwa Dodoma kikazi. Usiku mmoja nikaona akaunti mpya kabisa imeondoa nyumba zaidi ya arobaini kando ya barabara, pale pale nyumbani. Nikafungua picha ya setilaiti: mapaa yote yapo. Mharibifu huyu! Kidole kilikuwa tayari kutengua kazi yake yote. Kilichonizuia ni maelezo aliyoyaacha, maneno mawili, mahali ambapo wageni wengi hawaandiki kitu: "Hazipo tena."

Nikampigia dada.

"Kaka, kwani hujui? Zimevunjwa kupisha upanuzi wa barabara, tangu Kimara mpaka Kiluvya. Huku ni vifusi tu."

Habari ya bomoabomoa nilikuwa nayo. Sikuwahi kuihesabu kwa nyumba. Na ile picha ya setilaiti niliyoiamini kuliko mtu ilikuwa ya zamani, ilipigwa kabla tingatinga halijafika.

Nikamwandikia yule mgeni kumkaribisha, nikamweleza namna ya kuweka alama mahali palipobomolewa, kisha nikamuuliza aliwezaje kuzijua zote bila kukosea hata moja. Alijibu kesho yake. Ya sita kutoka kituoni ilikuwa ya kwao.