Mbalamwezi ya Ujiji

Mwaka 1975 wazee wa Ujiji walikuwa bado wakimwita Sheikh Kaluta Amri Abedi "kijana wetu". Alizaliwa huku 1924, akafariki 1964 akiwa waziri. Kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, cha 1954, hakikubanduka mezani kwa mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Tanga. Siku moja aliandika ubaoni ubeti wa mvuvi mmoja wa mtaani:

Mwezi mkubwa angani, ziwa jeupe lang'ara,
Baba kakaa nyumbani, leo hana biashara,
Mitumbwi i mchangani, twacheza kwenye duara,
Mama kimya mlangoni, atazama kwa subira.

Tukahesabu kwa pingili za vidole: nane kwa nane, mizani 16 kila mshororo. Ubishi ulizuka kwenye "mlangoni", wengine wakidai ni mizani tatu. Mwalimu akakata shauri: ile m husimama peke yake, nayo huhesabiwa. Vina havikutuchelewesha, -ni kati na -ra mwisho.

Na hisia? Furaha, tukajibu kwa pamoja. Mwezi, michezo, baba nyumbani. Mwalimu alikwisha kushika chaki aandike.

"Samahani mwalimu," akasema binti mmoja wa Kibirizi, kwa wavuvi, "hawa wana njaa."

Sisi watoto wa reli na maduka tulicheka. Yeye akaeleza: dagaa hufuata mwanga wa karabai gizani. Mwezi ukipevuka, taa haina nguvu, mitumbwi hupandishwa mchangani, na nyumba ya mvuvi huishi kwa mkopo mpaka giza lirudi.

Nikiusoma leo naona ujanja wa mtunzi. Anayesema "twacheza" ni mtoto, hajui kitu. Biashara, duara, subira: vina vinateleza kwa raha hadi neno la mwisho, nalo ndilo linalouma, maana anayesubiri ni mama. Kichomi cha Kezilahabi kilikuwa kimetoka 1974 na mashairi yake yasiyofuata vina. Mwalimu hakutaka hata kukisikia. Mimi nilikuja kukipenda, lakini huzuni ya ubeti huu ingemwagika ovyo bila mizani ya kuibana.

Tukapewa kazi ya kuongeza ubeti wa pili. Binti akashikilia uwe wa giza totoro, na uwe wa shangwe. Kipindi kilichobaki tukakimalizia kutafuta neno la furaha lenye kina cha -za, liendane na "giza". Mtoto wa mchuuzi wa dagaa akalipata kabla ya kengele: "kuuza".