Tabaka, Kunakotoka Mawe

Matatu kutoka Nairobi ilipita Narok, Bomet na Sotik, na tulipokaribia Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Nyamira na Kisii, majani chai yalikuwa yametanda hadi ukingoni mwa barabara. Mjini Kisii sikukawia. Nilikuwa na hamu ya kufika Tabaka, Mugirango Kusini, kwenye mawe ambayo nimeyaona tangu utotoni katika maduka ya Nairobi bila kuuona hata siku moja mkono ulioyachonga.

Baada ya Suneka nikapanda boda. Migomba huku na huku, kisha kilima kikafunguka: machimbo. Mashimo mapana yenye kuta za jiwe jeupe, la waridi, la kijivu, na vijana chini wakipiga mtaimbo. Mvua ya Kisii haina msimu mrefu wa kupumzika, na ikinyesha kuta hizo hulegea. Niliwaangalia kwa hofu kubwa kuliko nilivyotarajia. Kila bakuli la sukari linaloitwa jiwe la Kisii limeanzia kwa mtu aliyeshuka shimoni.

Jiwe hili limejaa talki, madini laini ambayo pia hutumika kutengeneza poda. Likiwa bado na unyevu wa ardhi hukatika kwa panga. Chini ya mwembe nilimkuta mzee akiligeuza bonge moja, akilimwagia maji ili vumbi lisipande, akiliangalia kila upande.

"Bwakire, baba," nikamsalimu.

"Bwakire buya, mwanangu. Karibu, kaa."

Nikamuuliza litakuwa nini. Akanionyesha mshipa mwekundu uliokata jiwe mshazari. "Ukilazimisha tembo hapa, mguu utavunjika kwenye mshipa huu. Hili ni ndege. Mshipa utakuwa bawa."

Nikakaa hadi bawa likatokea. Alianza kwa panga, akaja kwa patasi, akamalizia kwa kisu kifupi alichokinoa mwenyewe. Hakuchora mstari wowote. Ndege huyo yuko katika migomba ya kwake. Anamwona kila asubuhi.

Hapo nilimwelewa Elkana Ong'esa, aliyezaliwa mwaka 1944, mchongaji wa huku huku aliyesomea sanaa Makerere, ambaye ndege wake wa amani amesimama katika makao makuu ya UNESCO, Paris. Mwaka 2014 alikuwa Washington, kwenye tamasha la Smithsonian lililoalika Kenya, akichonga hadharani. Ukubwa wa kazi zake umetoka katika tabia ile ile ya yule mzee: kulisikiliza jiwe kwanza.

Soko halisikilizi hivyo. Vibandani nilikuta safu za tembo, twiga na vifaru, wanyama ambao hawaonekani tena katika vilima hivi vya mahindi na chai. Dalali huagiza, kijana huchonga, na baada ya muda mikono yake inajua tembo mmoja tu. Simlaumu, ana karo ya kulipa. Lakini ukimweka tembo huyo kando ya ndege wa mzee, utaona mara moja ni yupi aliyetazamwa na yupi aliyekaririwa.

Uani, kina mama walikuwa wamezunguka mabeseni ya maji, wakisugua kwa msasa, wa kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi. Baada ya hapo jiwe hukaushwa juani, hupakwa nta na kung'arishwa kwa kitambaa. Rangi ya waridi iliyokuwa imefifia kama vumbi ikawaka mbele yangu. Kazi hii ya kusugua hula saa nyingi, na malipo yake ni madogo mno.

Niligeuza mabakuli mengi kabla ya kununua. Chini, mengine yalikuwa na neno Kenya. Jina la mtu sikuliona. Mimi nataka jina la mchongaji na la aliyesugua liwekwe hapo, pamoja na Tabaka. Ncha ya kisu kile kifupi inatosha, na mnunuzi wa Mombasa au London atalipa akijua analipa kwa kazi ya nani.