Bibi hakugeuzwa

Bibi alipopata kiharusi Newala, tulimshusha hospitali moja Masasi. Mimi, mwandishi wa habari za afya, nilihangaikia dawa na uji tu. Siku ya tano, tukimwogesha, mama akaona alama juu ya makalio. Nilizoea kusoma kwamba ngozi huwa nyekundu. Ya bibi ilikuwa nyeusi zaidi, yenye joto. Nikachukua mafuta nisugue.

“Usisugue, mdogo wangu, utaiumiza,” nesi alisema. “Mgeuzeni kila saa mbili. Mnyanyueni kwa shuka, msimburute.”

Usiku alikuwa peke yake, wodi nzima. Tukagawana zamu. Tulikunja kitenge chini ya miguu, visigino visiguse godoro. Bibi alinung’unika kila tukimwamsha.

Alama ile ilififia. Ya kisigino cha kushoto, tuliyochelewa kuiona, tulipanda nayo Newala ikiwa kidonda.